Kompyuta ya Ndani ya Kabati la Saa

Kama kungekuwa na mashindano ya watu wasioweza kukataa jambo, fundi saa huyu angeshinda, halafu aliyeshindwa angemwomba kikombe naye angempa. Mteja akimwambia saa yake iwe tayari kesho asubuhi, alijibu, "Haya." Mteja wa pili akitaka yake itangulie ya yule wa kwanza, alijibu, "Haya." Ndiyo maana mtaani hakuna aliyemwita kwa jina la ubatizo. Aliitwa Mzee Haya. Siku moja mtu alimuuliza kama ni sawa waendelee kumwita hivyo, na jibu lake likamaliza kesi.

Mke wake alikuwa kinyume chake. Alikuwa karani wa shule ya sekondari, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na mtu akimwambia jambo fulani haliwezekani alikuwa anakunja mikono ya blauzi. Ndiye aliyetunga nyimbo za kwaya ya kanisa. Kwa kuwa nusu ya wanakwaya hawakujua kusoma nota, alikuwa akirekodi kila sauti peke yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, ili kila mtu aende nyumbani akasikilize sehemu yake na kuikariri. Programu aliyoipenda kwa kazi hiyo ilikubali kompyuta za kampuni moja tu, na kompyuta hizo ni zile ambazo mtu wa mshahara wa ukarani huzitazama dirishani, akavuta pumzi, akaendelea na safari yake.

"Kama yao hainifikii, nitaunda yangu," akasema.

Akaunda. Ilimchukua miaka miwili kukusanya vipande. Ubao mkuu aliutoa kwenye kompyuta iliyotupwa na ofisi, feni akaipata kwa jirani, na diski ikawa zawadi ya siku ya kuzaliwa aliyojinunulia mwenyewe, kisha akamshukuru mume wake kwa kumkumbuka. Kilichobaki kilikuwa kasha la kuvitia. Karakana ya Mzee Haya ilikuwa na kabati la saa ya kusimama, ile ndefu kama mtu, ambayo mitambo yake ilikufa na mwenyewe hakurudi kuichukua.

"Mume wangu, naomba hilo kabati."

"Haya."

Hivyo kompyuta ikakaa ndani ya saa. Pale palipokuwa pakining'inia pendulamu pakajaa nyaya. Nyuma ya uso wa saa ikazunguka feni. Mishale ikabaki ilipokuwa siku mitambo ilipokufa, saa kumi na dakika kumi, na wageni wengi waliokuja baada ya chakula cha mchana walishtuka wakaaga kabla chai haijamiminwa.

Kisha akaitia mfumo endeshi wa kampuni ile, yaani ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuendesha nyingine zote. Haukuwa usakinishaji rasmi. Kampuni haikukusudia mfumo wake ukae kwenye mashine ya mtu baki, sembuse ndani ya kabati la saa. Mama huyo alimwendea mchungaji kuuliza kama ni dhambi. Mchungaji aliuliza maswali mawili, hakuelewa jibu hata moja, akasema waliombee jambo hilo.

Waliliombea sana, kwa sababu kila baada ya siku chache kitu kiligoma. Leo sauti, kesho kipanya, keshokutwa picha inakuja kichwa chini. Kila alichokirekebisha alikiandika kwenye daftari la jalada la bluu aliloliita Daftari la Ukaidi. Mzee Haya aliwahi kumuuliza ukaidi ni wa mashine au wake. Siku hiyo chai ilichelewa.

Mwaka jana, siku ya Ijumaa, kichwa kilimuuma. Jumapili kwaya iliimba bila yeye. Jumatatu ikamwimbia yeye, makaburini.

* * *

Wimbo wake wa mwisho ulikuwa bado umo ndani ya kabati. Mzee Haya aliliona jina la wimbo kwenye kioo, akajua ni wenyewe, na akasema atausikiliza kesho. Kesho hiyo ilikuwa inakaribia kufikisha mwaka. Kila asubuhi aliigusa mashine ikaamka, akalitazama lile jina, akaiacha isinzie tena. Mke wake hakuwahi kuizima. Aliiachia isinzie tu, na chini yake aliweka betri kubwa ya akiba ili hata umeme ukikatika isijue. Mzee Haya naye hakuizima. Alijiambia kuwa anatunza utaratibu. Ukweli ni kwamba alikuwa mwoga, na alilijua hilo, lakini mtu akijiita mtunza utaratibu anapata usingizi mzuri zaidi.

Ndipo mwalimu wa kwaya alipokuja karakanani, mwanamume mrefu anayetembea kana kwamba anahesabu mapigo.

"Mzee, Jumapili ya wiki hii tunatimiza mwaka. Kwaya imekubaliana. Tutaimba ule wimbo wake ambao hakutufikishia. Unao?"

"Ninao."

"Basi Ijumaa uniletee, Jumamosi tufanye mazoezi."

"Haya."

Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alirudi nyumbani mchana akiwa na nia safi kabisa ya kuufungua wimbo. Alikaa mbele ya kabati. Akaigusa mashine. Kwenye kona ya kioo kikatokea kile kijisanduku ambacho kilikuwa kikimsumbua tangu mvua zilipokwisha, kikiuliza kwa adabu kama angependa kusasisha mfumo. Mara zote alikuwa akikifunga. Lakini siku hiyo kilimpa sababu ya kutosikiliza wimbo kwa dakika chache zaidi, halafu kiliuliza vizuri sana, tena kwa mara ya arobaini au hamsini. Mtu anawezaje kumkatalia aliyeomba mara hamsini?

"Haya," Mzee Haya akaiambia kompyuta, akabonyeza.

Mashine ikajizima ili ijiwashe upya. Feni ikanyamaza. Ikalia tena. Kioo kikawa cheusi, na juu yake yakatokea maneno meupe ya kigeni ambayo, kwa alivyoyaelewa, yalisema hakuna kitu cha kuwashia. Akangoja. Yakabaki. Akazima, akawasha. Yaleyale. Akaligonga kabati ubavuni kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga saa iliyosimama. Mshale wa dakika ukaanguka kutoka dakika ya kumi ukaning'inia kwenye ya thelathini, na hayo ndiyo mabadiliko pekee aliyoyapata.

Siku ya Jumanne alifunga karakana. Alilitoa Daftari la Ukaidi, akalifungua kwa namna anayofungua kila kitu maishani, yaani kwa kuanzia nyuma. Fundi saa hutoa kwanza kile kilichowekwa mwisho; ukianza na cha kwanza umeharibu. Akasoma ukurasa wa mwisho, akafuata wa kabla yake. Palikuwa na mambo ya sauti, ya kipanya, na sentensi moja iliyosema, "Leo nimesali, nimechomoa kipanya, nimekichomeka, bado. Kesho nitaanza na kuchomeka." Akacheka peke yake, kisha akafunga daftari kabla ya kufika katikati. Macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Akafungua mlango wa kabati achungulie mwenyewe. Katikati ya zile nyaya akaona kitu kilichomfanya atabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana: betri ndogo ya duara, bapa kama kifungo cha shati. Betri za jinsi ile alizijua! Alikuwa nazo droo nzima! Akaitoa, akaweka mpya, akawasha kwa kujiamini.

Maneno meupe yalirudi vilevile. Isipokuwa sasa, kabla yake, mashine ilitoa tangazo kwamba imesahau mipangilio yake yote na kwamba haijui tena leo ni tarehe ngapi.

"Fundi saa," Mzee Haya akajisemea, "umefanikiwa kuiharibia hata saa."

* * *

Jumatano akampigia simu mdogo wa marehemu. Huyu shemeji yake alikuwa fundi wa maabara katika shule aliyofanyia kazi dada yake, mwanamke ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayemwaga asidi, na aliwatazama watu wote kana kwamba wameshika chupa.

Alifika, akalitazama kabati, akamtazama shemeji yake.

"Umefanya nini?"

"Imejizima."

"Imejizima yenyewe?"

"Iliniomba, nikakubali."

"Shemeji, wewe ukiombwa na mwizi umshikie ngazi, utamuuliza tu kama ni imara." Akakunja mikono ya blauzi. Mzee Haya akageuza uso kidogo, kwa sababu ule mkunjo aliufahamu. "Wimbo umo humu?"

"Umo. Na sauti yake imo. Sijawahi kuusikiliza."

"Mwaka mzima?"

"Nilikuwa nausikiliza kesho."

Shemeji akafungua mlango wa kabati.

Wakachomoa diski, wakaifunga kwenye leso, wakaipeleka kwa fundi kompyuta. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, na yeye mwenyewe alikuwa na upana wa mlango mmoja, kwa hiyo wateja walisimama kwa zamu. Aliichomeka diski kwenye mashine yake, akangoja, akatikisa kichwa.

"Hii haina kitu. Mashine inaniuliza kama niifomati. Nifomati?"

"Haya," akasema Mzee Haya.

Lilitoka lenyewe. Lilitoka kama kupiga chafya. Kidole cha fundi kilikuwa kimeshaanza kushuka, na hapo mkono wa shemeji ukapita katikati yao wawili ukaing'oa ile waya kwa nguvu hadi kikombe cha fundi kikamwagika.

"Shemeji! Unajua umekubali nini?"

"Nimekubali aliloniuliza."

"Ameuliza kama amfute dada yangu!"

Mzee Haya akatafuta kiti, kiti hakikuwepo, akaegemea rafu ya kibodi zilizokufa. Fundi akaitoa bisibisi aliyoichomeka nyuma ya sikio, kama mtu anayevua kofia msibani.

"Poleni. Sikujua. Hebu niwaeleze vizuri. Mashine yangu haisomi diski za mfumo ule. Haioni kitu, basi inadhani hakuna kitu. Lakini vitu vyake vitakuwa vimo, kama hamjavigusa."

"Vitolewe vipi?" shemeji akauliza.

"Ama mpate kompyuta ya kampuni ile. Hapa mtaani namjua mmoja tu mwenye nayo, naye amesafiri nayo. Ama mashine yenu wenyewe iamke. Hizi mashine za kujiundia, aliyeunda huwa na ujanja wake wa kuiwasha. Mlikuwa mnamwona akiiwashaje?"

"Hatukumwona," Mzee Haya akasema. "Ilikuwa haizimwi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mimi ndiye wa kwanza."

Njiani kurudi, shemeji alitembea mbele na diski kifuani kama mtoto mchanga. Walipofika kwenye kona ya duka la viatu akasimama, akageuka.

"Kuanzia sasa mpaka Jumapili, lile neno lako limefungiwa. Usilitamke. Tumeelewana?"

Mzee Haya akavuta pumzi ya kujibu. Akaishikilia. Akaitikia kwa kichwa, akiwa amevimba mashavu.

* * *

"Hakuacha maelezo yoyote?" shemeji akauliza baada ya kuirudisha diski mahali pake.

"Aliacha daftari. Nimelisoma. Lina mambo ya kipanya."

Shemeji akalichukua, akalifungua ukurasa wa kwanza kama wafanyavyo watu wengine wote duniani. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akaketi juu ya kitanda cha sebuleni, taratibu.

"Shemeji, ulilisoma kuanzia wapi?"

"Nyuma. Ndivyo inavyotakiwa. Cha mwisho hutangulia kutoka."

"Hili ni daftari, siyo saa. Sikiliza." Akasoma kwa sauti, na kwa kuwa sauti za dada hao wawili zilifanana, Mzee Haya alitazama sakafu. "'Kanuni ya kwanza. Flashi nyekundu haitoki nyuma ya mashine. Mashine hii haijui kujiwasha. Hiyo flashi ndiyo inayoidanganya kila inapowashwa kwamba nayo ni ya kampuni ile. Ikichomolewa mashine ikiwa macho, hakuna atakayegundua. Siku ikizimwa ndipo mtakapolia. Mzee Haya, unayesoma hapa, ninakusema wewe.'"

Wote wawili wakaenda nyuma ya kabati. Tundu lilikuwa wazi.

"Iko wapi?"

Uso wa Mzee Haya ulikuwa umeanza kubadilika rangi kutoka masikioni. Akatia mkono mfukoni, polepole sana, akautoa na fungu la funguo: ya nyumba, ya karakana, ya droo ya betri, na katikati yao, ikining'inia kwa pete, flashi nyekundu.

Ilikuwa mfukoni mwake wiki tatu. Mchapishaji wa vipeperushi vya ibada ya kumbukumbu alitaka picha ya marehemu, Mzee Haya akatafuta cha kuibebea, akaiona flashi imekaa nyuma ya mashine bila kazi yoyote, akaichomoa. Baadaye, kwa vile ilikuwa na picha ya mke wake ndani, aliona vibaya kuitupa kwenye droo, akaitia kwenye funguo ili awe naye karibu. Tangu Jumatatu alikuwa akitembea huku na huku, anafunga karakana, anafungua nyumba, analia mbele ya kabati, na dawa inalia cheng'eleng'e kwenye paja lake.

"Umeandika kitu juu yake? Umefuta kitu?"

"Nimeweka picha tu." Kisha akakumbuka. "Yule mchapishaji aliniuliza. Alisema kuna mafaili ya ajabu humu, ayafute nafasi iongezeke?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilivuta pumzi nimjibu, nikapiga chafya. Lile duka lina vumbi. Nilipiga chafya tatu, akanipa pole, akasahau alichouliza."

Shemeji akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango wa kabati, na Mzee Haya naye akacheka, na kicheko chao kikafika mahali ambapo hakikuwa kicheko tena, wakafuta macho kila mmoja akiangalia upande wake. Tangu siku hiyo Mzee Haya akisali hushukuru kwa afya, kwa chakula, na kwa vumbi la duka la mchapishaji.

Wakachomeka flashi. Bado ikagoma, kwa sababu ya ile betri ya kifungo. Lakini ukurasa wa pili wa daftari ulikuwa na mipangilio yote ya ubao, mstari kwa mstari, na shemeji akaisoma kama dawa za maabara huku Mzee Haya akibonyeza, akiwa haruhusiwi kubonyeza kitu ambacho hakijasomwa. Safari hii hayakuja maneno meupe. Ikaja nembo, na chini yake mstari mwembamba ukaanza kutambaa.

Mzee Haya akafumba macho akasali sala ya Bwana. Alipofika kwenye kuomba msamaha wa makosa alifumbua jicho moja, akaona mstari umesimama katikati. Akakubali kwamba Mungu ana haki.

"'Mstari ukisimama katikati,'" shemeji akasoma kutoka ukurasa wa tatu, "'usiguse kitu. Nenda kachemshe chai. Hasa wewe, Mzee Haya.'"

Wakaenda wakachemsha chai. Wakainywa jikoni wakiwa wamesimama. Waliporudi, kioo kilikuwa kimewaka, na jina la wimbo lilikuwa palepale.

* * *

Alhamisi yote ilikwenda kwenye sauti. Mashine iliamka ikiwa bubu. Walifungua wimbo wakaona sauti ya marehemu imechorwa kwenye kioo, mawimbi mistari mitatu, vilima na mabonde, lakini spika hazikutoa hata mkwaruzo. Mzee Haya aliweka kidole juu ya kilima kimoja kirefu. "Hapa alipanda," akasema. Hilo ndilo walilolipata kwa saa tatu.

Na hapo, kwa mara moja tu, mtindo wa kuanzia nyuma ulimfaa. Ule ukurasa wa mwisho aliousoma Jumanne machozi yakimlengalenga ulisema hivi: "Sauti ikikataa baada ya kusasisha, usipigane na mfumo. Chomeka kile kidude cha kijivu cha sauti. Kimo kwenye kopo la mikanda ya saa, karakanani, ambamo kitakuwa salama kwa sababu mwenye kopo hajawahi kulipanga."

Kilikuwemo, chini ya mikanda ya ngozi ya miaka kumi.

Wakachomeka. Mzee Haya akaketi, akasimama, akaketi tena.

"Niguse mimi?" shemeji akauliza kwa upole.

Alijua akitaka anaweza kungoja mpaka kesho. "Nitagusa mwenyewe," akasema, akagusa.

Chumba kikajaa. Alikuwa ameimba sauti ya kwanza, akaimba ya pili, akajishusha akaimba ya tatu kwa shida hadi mwisho wa mstari ukasikika kama mlango mkavu, akajicheka mwenyewe humohumo. Ulikuwa wimbo mfupi wa kushukuru kwa siku iliyopita salama, hauna maneno makubwa. Shemeji alisimama dirishani akiwa amegeuza mgongo. Mzee Haya alisikiliza mikono ikiwa katikati ya magoti kama mwanafunzi.

Chini ya mistari mitatu palikuwa na wa nne, uliozimwa sauti, mtupu karibu wote, na ubavuni pameandikwa jina: Mzee Haya.

"Hii ni nini?" shemeji akauliza.

"Ni besi. Yeye hakuweza kushuka huko; kwenye nyimbo nyingine aliiimba kwa sauti ya juu. Safari hii aliniomba niimbe mimi."

"Ukamwambiaje?"

Mwanzoni mwa ule mstari palikuwa na vilima vichache. Mzee Haya akavigusa. Sauti ya mke wake ikasema, "Besi. Moja, mbili, tatu, ingia." Kimya. Kisha, kwa mbali, kutoka chumba kingine, sauti ya mwanamume: "Haya, nakuja!" Kimya tena, kirefu. Kisha mke wake, karibu kabisa na kipaza sauti, kama anayemnong'oneza mtu mwingine: "Haji huyu. Yuko na saa ya mtu. Tutamngoja." Na hapo ilikatika.

Ilikuwa saa ya ukutani ya mwenye duka la viatu. Aliikumbuka. Haikuwa na haraka yoyote. Mwenyewe alikuja kuichukua baada ya miezi miwili.

"Ilikuwa Jumatano," Mzee Haya akasema. "Ijumaa kichwa kikamuuma."

Shemeji alivuta kiti akaketi karibu naye. Safari hii hakuwa na utani.

"Basi nenda," akasema. "Anakungoja."

"Sauti yangu ni mbovu."

"Tunajua wote. Hata yeye alijua."

Alirekodi siku ya Ijumaa, asubuhi, madirisha yamefungwa. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili aliimba maneno ya ubeti wa pili. Mara ya tatu mteja alibisha hodi akiulizia saa yake, na Mzee Haya akapaza sauti, "Siyo leo!" jambo ambalo mteja huyo anasimulia hadi sasa. Mara ya nne mke wake alihesabu, moja, mbili, tatu, ingia, naye akaingia. Alichelewa nusu ya pigo, kwa kuwa hakuwa na uhakika kama bado ni zamu yake, lakini aliingia, akaenda naye bega kwa bega mpaka mwisho.

Kwenye kona ya kioo kikatokea kijisanduku. Kiliuliza kwa adabu kama angependa kuhifadhi mabadiliko. Mzee Haya akavuta mkono wake kutoka kwenye kipanya kama umeungua, akamgeukia shemeji yake.

"Hapo unaruhusiwa," akasema shemeji.

"Haya," akasema Mzee Haya.

* * *

Jumamosi kwaya ilisikiliza na kukariri, kila mtu sehemu yake, kama zamani. Jumapili walisimama mbele, na wimbo ukaanza. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, ya tatu ikafuata. Kisha safu nzima ya besi, wanaume tisa wenye vifua vipana, wakaingia wote pamoja wakiwa wamechelewa nusu ya pigo barabara.

Mwalimu wa kwaya aligeuza shingo kwa haraka. Baada ya ibada alimfuata Mzee Haya nje, chini ya dirisha la ofisi ya kanisa.

"Mzee, ule mwanzo wa besi una kosa. Wamelikariri kama lilivyo. Wiki ijayo nilirekebishe?"

Shemeji alikuwa amesimama karibu, na adhabu ya lile neno ilikuwa imekwisha siku hiyohiyo. Akangoja kusikia. Mzee Haya alipapasa mfuko. Pale ilipokuwa flashi nyekundu palikuwa patupu. Ilikuwa imerudi nyuma ya kabati, na juu yake amebandika karatasi yenye herufi kubwa zinazomkataza yeye mwenyewe.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Liache hivyohivyo."

Mpaka leo besi za kwaya ile huingia nusu ya pigo nyuma ya wenzao. Wageni hudhani ndivyo wimbo huo ulivyotungwa.